Ukurasa Uliongoja "Ila"

1

Wiki ile hakuna mtu aliyeumwa Likunja.

Habari hizo zilifika Dodoma Jumatatu asubuhi, na ukumbi wa Tovuti Kuu ya Afya ukalipuka kwa vifijo. Mchoro wa magonjwa wa kata hiyo uliwaka ukutani. Mstari uliozoea kupanda na kushuka kama njia ya milimani sasa ulikuwa umelala chini, umenyooka kama mkeka uliotandikwa. Hakuna homa, hakuna kikohozi, hakuna hata aliyelalamika jino. Mkurugenzi Kihwele, mtu mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, alisimama mbele ya mstari ule akapiga makofi peke yake mpaka wote wakaungana naye.

"Mhandisi Tusekile! Simama, mama, watu wakuone! Wazee wetu walichimba mizizi porini wakitafuta dawa, kumbe dawa ilikuwa kiolezo!"

Tusekile Mwambene alisimama, akainamisha kichwa kwa heshima, akaketi. Furaha alikuwa nayo, maana kiolezo kile, muundo mmoja wa kurasa zote za afya, kilikuwa kazi yake ya miaka mingi, na Likunja ndiyo kata ya kwanza kukijaribu. Lakini alikuwa amekulia Rungwe, penye mvua na ukungu, na hakupata kuona kijiji ambacho watu walimaliza wiki nzima bila mmoja wao kukohoa.

"Mkurugenzi," alisema, "labda tungengoja kidogo kabla ya kusherehekea."

"Tungoje nini? Wiki ijayo Jumamosi tunazindua nchi nzima, na kurasa za zamani zinafutwa siku hiyohiyo. Wewe nenda kwa fundi, ukashone nguo!"

Watu wakacheka. Tusekile naye akacheka, ila macho yake yalibaki kwenye ule mstari ulionyooka.

Nchi ilikuwa imezoea kurasa kwa vizazi viwili. Kila zahanati, kituo na hospitali ilikuwa na ukurasa wake: kioo laini chenye kimo cha mlango, kilichobandikwa ukutani, kinachosikia na kusema. Ukikiwekea kiganja kinasoma mapigo ya moyo na msukumo wa damu. Kurasa zote zilikuwa tovuti moja, lakini kila moja ilijengwa na watu wa mahali pake, kisha ikajifunza kwa wanaoitumia, siku baada ya siku, kama mtoto anavyojifunza kwa wanaomlea. Matokeo yake zilifanana kama majirani wanavyofanana, yaani hazikufanana. Mahali pamoja dawa zilikuwa kulia, kwingine zilijificha nyuma ya picha ya chungu. Mahali pamoja kijani maana yake ingia, kwingine maana yake umeshapona, nenda nyumbani.

Mwenyeji hakupata taabu. Aliyeumia ni msafiri.

Ndivyo alivyoumia Ambakisye, kaka yake Tusekile, aliyekuwa akisafirisha viazi. Alisimamisha lori Likunja ili apumzike, swila akamgonga mguu wa kushoto. Akachechemea hadi zahanati, akakuta muuguzi ametoka, ukurasa uko peke yake. Kwao Rungwe, na karibu kote alikokuwa amepita, mlango mwekundu ulikuwa wa hatari. Akagusa wekundu. Lakini Likunja, ambako wakunga wa zamani walijifunga vitambaa vyekundu, wekundu ulikuwa mlango wa waja wazito.

"Hongera, mama," ukurasa ukamwambia kwa upole. "Mimba ina miezi mingapi?"

Wakabishana. Kadiri Ambakisye alivyopaza sauti, ndivyo ukurasa ulivyozidi kumbembeleza, kwa kuwa ulijua kwamba waja wazito wengine huwa na hasira. Wapita njia walipokuja kumwokoa sumu ilikuwa imeshapanda. Maisha yake yaliokoka. Mguu ulibaki Likunja.

Tangu siku ile Tusekile alifanya kazi ya jambo moja. Kiolezo ni kama kalibu ya tofali: udongo unaweza kutoka popote, tofali linatoka sawa. Kwa kiolezo chake, kuanzia ziwani hadi pwani, mlango wa hatari ungekuwa mwekundu, juu kulia, mkubwa, na mtu ambaye hajui kusoma angeugusa. Alipanga kila kitu kwa mkono wake, hata salamu. Wenzake walitaka kuiondoa ili kuokoa muda, akawakatalia. Ukurasa usioamkia ni wa Mzungu gani? Kwa hiyo kila ukurasa mpya ulianza kwa neno moja: "Hujambo?"

2

"Hakuna anayeumwa?" Ambakisye aliuliza. "Hata mlevi wa kijiji hajaanguka mtaroni?"

"Hata yeye, kaka."

"Basi hiyo si kata. Hilo ni kaburi au ni peponi, na mimi nimefika pale. Si peponi."

Walikuwa ndani ya lori lake, wameshaipita Njombe wakielekea kusini. Malori ya wakati ule yalijiendesha yenyewe. Sheria haikumtaka mtu mbele, lakini Ambakisye aliendelea kukaa kwenye kiti cha dereva, akililaumu lori kila linapokata kona vibaya na kulisifu linapopanda mlima. Alisema chombo kisichosemeshwa huota kiburi. Mguu wake wa chuma aliuegemeza mbele ya kioo, akaufuta vumbi kwa leso kama mtu anayefuta kiatu cha harusi.

"Kwa hiyo kile kiolezo chako kinaponya," alisema.

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nauliza tu kama kinaotesha miguu."

Tusekile alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatazama mashamba ya chai yakipita. "Kaka, nikikuta kimeharibika, uzinduzi hautakuwepo. Na kuna mabaraza ya mikoa ambayo hayakitaki tangu zamani. Wakipata sababu watakitupa kabisa. Na mahali fulani kuna mtu atagongwa na nyoka, ataugusa mlango usio wake."

"Ndiyo maana hukulala."

"Nani kakwambia sikulala?"

"Nimekuuliza hujambo, ukanijibu sijambo, halafu ukalinyamazia lori tangu Iringa." Ambakisye alilipigia honi lori lake mwenyewe bila sababu. "Nimekulea mgongoni, Tuse. Huwezi kunificha."

3

Zahanati ya Likunja ilikuwa imejaa kama siku ya mnada, na watu walikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomshangaza Tusekile kwanza. Wengine walikaa kwenye mabenchi, wengine nyasini, na wengi walishika karatasi ngumu nyeupe zenye muhuri wa kijani. Mama mmoja alikuwa na tatu, amezikunja ndani ya kanga.

"Ni nini hizo, mama?" Tusekile alimwuliza baada ya salamu.

"Vyeti vya uzima, mwanangu! Ukurasa mpya unatoa. Mume wangu chake amekitundika juu ya kitanda. Anakohoa hapohapo chini yake, lakini kikohozi chenye cheti si sawa na kile cha kawaida."

Wote wakaangua kicheko. Tusekile akasogea mbele.

Zamu ilikuwa ya Mzee Hokororo, ambaye mkono wake wa kulia ulining'inia kama tawi lililovunjika, na kweli alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkorosho. Akasimama mbele ya kioo, akajinyoosha kwa adabu.

"Hujambo?" ukurasa ukamwuliza.

"Sijambo," akajibu mzee, kama alivyojibu maisha yake yote. Akavuta pumzi ili aendelee.

"Tunafurahi kusikia hivyo. Umesajiliwa kuwa mzima. Karibu tena."

Cheti kikatoka. Mzee akabaki na kinywa wazi. "I... hee! Ila mkono..."

"Anayefuata," ukasema ukurasa.

"Umeshapona, Mzee Hokororo!" vijana wakapiga kelele. "Toka, wengine nao wapone!"

"Hiki kitoto cha kioo," mzee alisema, akikipokea cheti kwa mkono mzima, "hakikunipa hata shikamoo."

Ambakisye alikuwa amejishika ukutani kwa kucheka. Tusekile pia alikuwa anacheka, kisha akakigeukia kioo.

Aliiona kasoro wazi, kama mtu anayeona uzi uliochomoza kwenye nguo. Wahandisi wa kiolezo walikuwa wasomi wazuri wa lugha. Walilichambua neno kwa sarufi: hujambo, yaani huna jambo, sijambo, yaani sina jambo. Mtu akisema hana jambo, mazungumzo yamekwisha, funga, mwandike mzima. Kisarufi hawakukosea hata kidogo. Lakini ni nani katika nchi hii aliyewahi kujibu "hujambo" kwa ugonjwa wake? Mtu anaweza kutoka msibani, ukamwuliza habari, akakujibu nzuri. Sijambo ni mlango wa kuingilia. Mgonjwa anakaa nyuma yake, kwenye neno linalofuata, nalo ni fupi kuliko yote: ila.

Kiolezo hakikungoja ila. Katika kiolezo ukimya ulikuwa hitilafu. Mtu akinyamaza, ukurasa ulimaliza salamu na kumwita mwingine. Tusekile mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo, ili foleni zisirefuke.

"Mmetengeneza kalibu," Ambakisye alimnong'oneza, akipangusa machozi ya kicheko, "mkasahau karibu."

4

Mzee Hokororo alifungwa mkono na Muuguzi Komba, mwanamke mwenye sauti ya jeshi, baada ya kumfokea mpaka akasema kwa kinywa chake kwamba ameumia. Ilimlazimu aseme. Enzi hizo kulikuwa na Sheria ya Kinywa, iliyopatikana kwa taabu baada ya miaka ya mashine kuwachunguza watu bila ridhaa: hakuna chombo wala mganga atakayempima mtu ambaye hajasema mwenyewe kwamba anaumwa. Ilikuwa sheria nzuri. Watu waliipenda.

Wengine nyasini walipoelezwa kasoro ilivyo, walianza kusema mmoja mmoja, huku wakitaniana. Muuguzi alizunguka kati yao kwa haraka. Ndipo Tusekile alipomwona mwanamke kijana aliyekaa pembeni, amekumbatia tumbo la miezi minane, na miguu yake imevimba hata kandambili zimezama ndani ya nyama. Alikuwa Asumini, mkaza mwana wa Bi Somoe Likwata, yule mama wa vyeti vitatu. Kumbe vyote vitatu vilikuwa vya huyu.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, shikamoo."

"Marahaba. Miguu hiyo haikusumbui?"

Asumini alitazama chini. "Sijambo tu, dada."

"Mimba si ugonjwa," Bi Somoe alisema kwa fahari. "Mimi nilizaa saba, na wa sita nilimzaa natoka kuteka maji. Huyu ana vyeti!"

Muuguzi Komba alimvuta Tusekile kando. "Tangu Ijumaa namwuliza. Ananijibu hivyohivyo. Kwa mgeni hasemi, na mbele ya mkwe wake ndiyo kabisa, maana ndiyo mimba ya kwanza. Na bila kusema sina ruhusa ya hata kumfunga kipimo."

"Alikuwa anamwambia nani?"

Muuguzi alielekeza kidevu ukutani. "Ule wa zamani. Walikuwa wanazungumza kila wiki."

Tusekile aliinua macho kwenye kioo. Ukurasa wa zamani ulikuwa bado humohumo, umelazwa nyuma ya ule mpya, ukisubiri kufutwa siku ya uzinduzi. Ufunguo wa kuuamsha ulikuwa kwenye kidole chake mwenyewe. Lakini kanuni ilikuwa moja, na aliiandika yeye: ukurasa wa zamani ukiamshwa, jaribio limebatilika. Akiuamsha, anawapa wapinzani wa kiolezo sababu waliyoitafuta miaka yote. Asipouamsha, yule kijana ataondoka na cheti cha nne.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Ukurasa huu ndio ule. Katika maelfu ya kurasa za nchi hii, ndio aliotamani kuufuta kwa mkono wake.

"Kaka," alisema taratibu. "Huu ndio uliokula mguu wako."

"Naujua. Tumewahi kugombana." Ambakisye alikitazama kioo kama mtu anayemtazama mtani wake wa zamani. "Sikiliza, Tuse. Ule ukurasa haukunichukia. Ulinipongeza. Katika maisha yangu hakuna mwingine aliyewahi kunipongeza kwa mimba. Makosa yalikuwa ya mlango. Moyo wake hauna shida. Uamshe."

Tusekile aliweka kidole kwenye pembe ya kioo.

Mwanga mweupe ukazimika, ukaja wa rangi ya asali. Sauti ikatoka, ya mwanamke wa makamo, ya kikwao, isiyo na haraka.

"Asumini, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi." Kijana akasimama kabla hajaambiwa.

"Za siku zote?"

"Nzuri."

"Mama mkwe hajambo?"

"Hajambo, huyu hapa."

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba!" Bi Somoe akajitengeneza kanga begani. "Umerudi? Hicho kingine hakina malezi, mwanangu, nakwambia."

"Nilikuwa nimelala. Asumini, na kuku wako?"

"Wazima. Mmoja anaatamia."

"Haya."

Kisha ukurasa ukanyamaza.

Vidole vya Tusekile viliwasha. Kila alichojifunza kilimwambia kwamba chombo kimekwama, kwamba kinapaswa kubonyezwa, kuulizwa, kusukumwa. Mwanga wa asali ulipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyeketi barazani bila shughuli. Ambakisye alifungua kinywa ili atie utani, akaona uso wa dada yake, akakifunga. Mahali fulani mtu alikuwa anatwanga. Bi Somoe mwenyewe, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alinyamaza, maana aliujua ukimya huu. Naye aliwahi kusimama mbele yake.

"Ila," alisema Asumini.

"Ila nini, mwanangu?"

"Ila macho. Mchana kweupe naona vimulimuli."

Bi Somoe aligeuka kumtazama.

"Na kichwa?"

"Kinatwanga, bibi. Kama huyo anayetwanga huko nje."

"Tangu lini?"

"Tangu cheti cha kwanza."

Baada ya hapo ukurasa haukungoja tena. Kioo kizima kikawa chekundu, na safari hii kila aliyekuwepo alijua maana yake. Ulimwambia aweke kiganja. Msukumo wa damu ulikuwa umepanda mno. Muuguzi Komba alikuwa ameshafika na sindano kabla jina lake halijaitwa, kwa kuwa kinywa kilikuwa kimesema na sheria imeridhika. Machela ya angani ikatua uani, ikatawanya kuku na vyeti. Bi Somoe akapanda na mkwe wake bila kuuliza nafasi, akamshika mkono, akisema, "Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" na Asumini akamjibu, "Mama, hukungoja."

Kesho yake mchana habari ilifika kutoka hospitali ya mkoa. Bi Somoe aliisema mwenyewe kupitia kioo, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima wa zahanati: "Mama mzima, mtoto mzima, wa kike! Na leo nimewaona kwa macho yangu, sijaambiwa na karatasi!"

Muuguzi Komba alianza kucheza peke yake katikati ya uwanja. Hakukaa peke yake muda mrefu. Ambakisye alicheza kwa mguu wa chuma mpaka ukalegea skrubu.

5

"Umeamsha ukurasa uliofungwa," alisema Mkurugenzi Kihwele, ofisini kwake Dodoma. Siku ile hakucheka.

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Umelibatilisha jaribio."

"Jaribio lilikuwa linawapa wagonjwa vyeti, Mkurugenzi."

Kihwele alitembea hadi dirishani, akarudi. Hakuwa mtu mbaya. Ule mstari ulionyooka aliupenda kwa sababu aliamini kweli kwamba watu wamepona, na kuambiwa kwamba hawakupona kulimuuma kama kufiwa. "Kaka yako huyu hapa," alisema, akimwonyesha Ambakisye aliyekuja kama mjumbe wa wasafiri. "Alipoteza mguu kwa ukurasa huohuo. Leo unautetea?"

"Siutetei mlango wake. Mlango wake ufutwe leo. Nautetea ukimya wake."

"Ukimya! Mama, nitauandikaje ukimya kwenye kiolezo? Una urefu gani? Likunja wananyamaza hivi, Pwani wananyamaza vile, kwenu Rungwe sijui kama mnanyamaza kabisa. Na mtu mwenye nyoka mguuni anangoja salamu ziishe?"

"Mwenye nyoka mguuni hasalimiani, mzee," Ambakisye alisema. "Mimi sikumwamkia mtu. Nilitukana."

Mkurugenzi akajizuia, lakini pembe ya mdomo ilimsaliti.

Tusekile aliichukua nafasi hiyo. Alikuwa na mpango alioufanyia kazi njia nzima, lori likijiendesha. Mlango mwekundu ubaki pale alipouweka, juu kulia, nchi nzima, na usiamkie mtu: ukiguswa, unafunguka. Milango mingine yote ikae mahali pamoja kila ukurasa, ili msafiri asipotee. Lakini salamu iwe ya wenyeji. Kila ukurasa utunze sauti yake na shikamoo yake, uulize kuku pale wanapouliza kuku, mvua pale wanapouliza mvua. Na baada ya salamu, ukurasa unyamaze. Usihesabu. Ungoje mpaka mtu aseme alilonalo au aage kwa kinywa chake.

"Foleni zitarefuka," alisema Mkurugenzi.

"Zitarefuka. Hilo sikufichi. Tutaweka kurasa nyingi zaidi, na mahali pengine watu watachoka kusimama, watanilaani mimi. Lakini foleni fupi tuliyoiona ilikuwa ya watu waliorudishwa nyumbani."

Kihwele aliketi. Alikaa kimya kwa muda, na Tusekile, ambaye wiki moja nyuma angeujaza ukimya ule kwa maneno na michoro, alikunja mikono akamwacha.

"Ila," Mkurugenzi alianza, kisha akashtuka, akawatazama wote wawili wakimtazama kwa hamu. "Ondokeni ofisini kwangu! Nilitaka kusema, ila uzinduzi utasogezwa mwezi. Basi! Mnacheka nini?"

6

Uzinduzi ulifanyika kwa matarumbeta. Ukumbi ulijaa, na kutoka kila mkoa watu walikuwa wakitazama kwenye kurasa zao, Likunja wakiwa wa kwanza, na Asumini akiwa mbele ya wote na mtoto mgongoni. Jukwaani ulisimama ukurasa mpya wenye kimo cha nyumba. Mlango mwekundu uliwaka juu kulia, na msafiri yeyote angeuona akiwa nje ya geti.

Mabaraza ya mikoa yalikuwa yameridhia. Hata yale makaidi yalikubali yaliposikia kwamba salamu zao hazitaguswa. Wajumbe wao walikaa mstari wa mbele, wakibishana ni mkoa upi wenye salamu ndefu kuliko yote.

Mkurugenzi Kihwele alipanda jukwaani akiwa na suti mpya. Alikuwa amewaambia wasaidizi wake kwamba maonyesho yatakuwa mafupi: salamu, jibu, kwaheri, matarumbeta. Alijipanga mbele ya kioo, akawageukia watu akatabasamu, kisha akaugeukia ukurasa.

"Shikamoo, Mkurugenzi," ukasema, kwa sauti ya kikwao, ya Iringa.

"Marahaba!"

"Hujambo, baba?"

"Sijambo kabisa! Buheri wa afya!"

Watu wakapiga makofi.

"Za nyumbani?"

"Njema!"

"Za kazi?"

"Njema sana, kama unavyoona!"

"Haya," ukasema ukurasa. Ukanyamaza.

Mkurugenzi alitabasamu. Ukurasa ukanyamaza. Akarekebisha tai. Mpiga tarumbeta aliinua chombo chake mdomoni, akatazama huku na huku, akakishusha. Mwanga ulipanda na kushuka taratibu.

"Umekwama?" Kihwele aliuliza kwa pembe ya mdomo.

"Haujakwama, Mkurugenzi," Tusekile alimnong'oneza. "Unakungoja wewe."

"Unangoja nini? Nimeshaujibu."

"Sema, baba!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya ukumbi, na kicheko kikapita mistari yote kama upepo kwenye mtama. "Mwambie tu! Sisi wote tumemwambia!"

Akacheka nao, lakini ukurasa haukucheka. Haukumharakisha wala kumwita mwingine. Ulikuwa unamtazama yeye tu, kana kwamba hakuna sherehe, hakuna mikoa, hakuna suti. Kicheko kikapungua. Mkurugenzi akatazama viatu vyake. Polepole uso wake ukalegea, ukawa uso wa mtu aliyefika nyumbani jioni akavua viatu, na akapiga hatua moja karibu na kioo.

"Ila," akasema.

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele vilipanda hadi kwenye paa, matarumbeta yakalia bila kuambiwa, wajumbe wa mabaraza wakasimama juu ya viti, Ambakisye akapiga sakafu kwa mguu wa chuma kama anayepiga ngoma, na kutoka kila mkoa sauti zikaingia kupitia kioo, za Likunja zikiwa juu ya zote. Mkurugenzi aliendelea kusema, kiganja chake kikiwa kwenye kioo, kichwa kimeinama. Hakuna aliyesikia alichokisema, hata Tusekile aliyesimama begani kwake. Ukurasa ulisikia.